Mhusika Wako Hapumui? Anza Kukagua Daftari

Visa havijawahi kuwa haba kusini. Anayetaka kisa cha Mtwara au Lindi anakipata kabla kahawa yake haijapoa: msimu wa korosho uliogoma, shamba la urithi linalogombewa, kijana aliyevuka Ruvuma akarudi na mke. Kinachoangusha maandishi yetu ni watu waliomo. Msomaji anafika ukurasa wa tatu, anaona Hamisi amependwa, amesalitiwa, amefilisika, na hashtuki hata kidogo, kwa sababu Hamisi mwenyewe hayupo. Lipo jina tu linalotembezwa.

Mwandishi akiambiwa hivyo hukimbilia sentensi. Anaongeza vivumishi, anampa Hamisi kovu shavuni, anamtungia utoto wa tabu. Lakini fundi wa bodaboda, pikipiki ikigoma kuwaka, hapaki rangi tangi. Anafungua plagi aitazame. Kwa mhusika, pa kufungua ni daftari la mwandishi. Karibu kila kasoro nitakayoitaja hapa inaonekana kwenye hadithi, ila imezaliwa mapema zaidi, pale mwandishi alipomtazama mtu na kuandika alichokiona. Kama huna daftari kabisa, chanzo tumeshakipata.

Daftari lenyewe liweje

Kaunta buku ya kawaida inatosha, au daftari dogo la kuingia mfukoni. Muhimu ni mgawanyo. Ukurasa wa kushoto andika ulichoona na kusikia tu. Wa kulia andika unachodhani. Usivichanganye hata siku moja.

Mfano, umepanda basi Mtwara kwenda Masasi. Kushoto unaandika: "Mama, khanga mbili, kuku mmoja ndani ya kapu. Kondakta anasema kuku analipiwa. Mama anasema, 'Mwanangu, huyu kuku hana kiti.' Anatoa hela, anaihesabu mara mbili, analipa ya kwake tu. Kondakta anapita. Mama anafunika kapu kwa ncha ya khanga." Kulia unaandika: "Kuku wa mgonjwa? Wa mkwe? Kwa nini alihesabu mara mbili wakati noti ni mbili tu? Amezoea kudhulumiwa, au anamwonyesha kondakta kwamba hakuna zaidi?"

Angalia kilichotokea. Kushoto hakuna neno "mjanja", hakuna "maskini", hakuna "mkali". Ungeandika "mama mmoja mjanja alikataa kulipia kuku", ungekuwa umebaki na hukumu yako na umempoteza mama. Baada ya miezi mitatu hukumu haikusaidii kitu. Kuihesabu hela mara mbili kutakusaidia hata baada ya miaka kumi, tena kwa mhusika ambaye hajawahi kushika kuku.

Sasa tuingie kwenye dalili.

Dalili: wahusika wote wana sauti moja

Funika majina kwenye mazungumzo, mpe mtu asome. Akishindwa kujua nani kasema nini, ugonjwa ndio huu.

Chanzo kikubwa ni kwamba daftari limeandika watu walisema nini, halikuandika walivyosema. "Bibi alikuja kudai hela yake." Hiyo ni taarifa ya kumpelekea mjumbe wa mtaa. Watu watatu wanaodai deni moja hawadai kwa njia moja. Mwenye duka anamwambia mdaiwa, "Mjomba, naona siku hizi unapita barabara ya kule." Kijana wa bodaboda anasema, "Oya, ile hela yangu vipi? Mafuta hayaningoji." Bibi anakuja asubuhi, anakaribishwa, anasema, "Nimekuja tu kuwajulia hali, wajukuu zangu," kisha anakaa. Anauliza habari za kila mtoto. Hataji hela. Na haondoki.

Wote watatu wanataka kitu kilekile. Tofauti iko katika kile kila mmoja asichoweza kukisema waziwazi, na hiyo ndiyo tofauti ya sauti. Ukurasa wa kushoto ujae kauli kamili, neno kwa neno, pamoja na salamu zilizotangulia, maana huku kwetu mtu mara nyingi anamaliza nusu ya shida yake ndani ya salamu. Andika nani alianza kusalimia, nani aliitwa "mjomba" na nani "mzee", na lini "mzee" ilibadilika ikawa "wewe".

Kipo chanzo cha pili, nacho kinanikera zaidi. Mwandishi anataka tujue kuwa babu ni Mmakonde, basi anageuza kila r kuwa l. Babu anageuka kichekesho hapohapo, na uchungu wake hausikiki tena. Watu wa kusini wamechekwa vya kutosha kwa lafudhi zao. Hadithi inayotoka Tandahimba isiwe ya kuendeleza kicheko hicho. Asili ya mtu isikike katika mpangilio wa maneno yake, katika anachokiapia, katika methali anazoziacha nusu akijua umeshaelewa, na katika neno moja la kikwao linalomtoka akikasirika au akimbembeleza mtoto. Neno moja kwa sura nzima linatosha. Na liwe neno ulilolisikia kwa masikio yako, kisha ukamwuliza mwenyeji maana yake.

Dalili: umemchora mwili mzima, bado hakai kichwani

Tunajua urefu wake, rangi yake, mwendo wake, shati lake. Tukifunga kitabu, hayupo.

Chanzo: ulimtazama akiwa ametulia. Mtu asiyesumbuliwa na kitu hana cha kukuonyesha zaidi ya nguo. Tabia hujitokeza mtu anapokitaka kitu na kitu kikamkatalia. Kwa hiyo tiba ni kubadilisha mahali pa kutazamia. Acha kukaa ufukweni Shangani ukitazama wapita njia wakipunga upepo. Utapata mandhari nzuri na wahusika wabovu. Nenda mahali ambapo watu wanataka kitu kwa haraka na hawana uhakika wa kukipata. Gati la kivuko mjini Lindi, pale mtu anapokimbilia chombo cha kwenda Kitunda na chombo kimeshaachia. Stendi, wapiga debe wawili wakigombea begi la abiria mmoja. Kwa wakala wa pesa za simu, mtu aliyetuma hela ikaenda namba isiyo yake.

Ila kwa mwandishi wa huku hakuna shule kubwa kuliko msimu wa korosho. Kuanzia karibu na Oktoba, minada inapofunguliwa, mji na vijiji vinabadilika sura, na mtu mwenye daftari asikae ndani.

Anza na mzani wa chama cha msingi cha ushirika. Mkulima ameokota, ameanika, ameondoa mbovu, amejaza magunia. Nyumbani amekadiria kilo zake na kichwani ameshazigawa: ada, mabati, deni la dawa. Karani anasoma mzani, na kilo zimepungua kuliko alivyokadiria. Hapo usimtazame karani. Mtazame mkulima. Mmoja anaomba gunia lipandishwe tena. Mmoja anacheka kwa nguvu kuliko inavyostahili. Mmoja anamgeukia mtoto aliyemsaidia kubeba, anamkaripia kwa kosa lingine kabisa. Mmoja anasema, "Haya, Mungu mkubwa," anakunja stakabadhi mara nne mpaka inakuwa ndogo kama kidole. Umeona watu wanne, na hujaandika rangi ya shati la yeyote.

Kisha kinakuja kipindi ambacho waandishi wengi wanakiruka, nami nakiona kitamu kuliko vyote: kati ya kupima na kulipwa. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani korosho zinaenda ghala kuu, zinapigwa mnada, mnunuzi analipa, makato yanatoka, na hela inaingia benki kwenye akaunti ya mkulima. Siku hizo zote mkulima ana hela na hana hela. Ameshauza, mfuko mtupu. Tazama anavyoingia dukani. Tazama mwenye duka anavyompokea, maana heshima imerudi kabla ya noti. Tazama nani ameanza kuitwa "bosi" na nani ameanza kutembelewa na ndugu aliyepotea tangu msimu uliopita. Ahadi za kipindi hicho, za ndoa, za pikipiki, za kumcheza mwali, zinamfunua mtu kuliko maungamo yoyote utakayomtungia.

Halafu urudi kwa watu walewale kati ya Juni na Agosti. Mikorosho inatoa maua, salfa inapulizwa kuzuia ubwiri unga, hela imekwisha, ming'oko, vile viazi vya porini, inachemshwa nyumba nyingi. Yule "bosi" wa Novemba sasa anasalimia kwa unyenyekevu mwingine. Weka kurasa mbili hizo kando kwa kando. Mabadiliko ya mhusika ambayo msomaji atayaamini ni haya, yanayotoka kwenye mfuko na kalenda. Hayatoki kwenye ndoto ya usiku mmoja.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, waulize watu kuhusu msimu wa 2018. Wanunuzi binafsi walitoa bei za chini, wakulima wakagoma kuuza, serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa Sh 3,300 kwa kilo, jeshi likaingizwa katika usombaji, na ukaja uhakiki wa wakulima ambao uliwafanya wengi wasubiri malipo. Usiulize maoni yao kuhusu siasa ya jambo hilo, utapata hotuba. Uliza, "Mwezi ule mlikula nini? Nani alikukopesha? Nani ulimkwepa njiani?" Majibu ya maswali hayo yaende ukurasa wa kushoto, kama yalivyotoka.

Dalili: mhusika ni mwema mno, au ni mbaya mno

Hapa mwandishi alihukumu kwanza akatazama baadaye. Kwa kawaida alitazama kutoka upande mmoja tu.

Mchukue mnunuzi wa kangomba, anayenunua korosho kienyeji nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kabla msimu haujafunguliwa na kwa bei ya kumnyonya mwenye shida. Katika hadithi nyingi angekuwa na tumbo kubwa na kicheko cha shetani. Lakini kaa karibu na nyumba yake mwezi Julai. Saa tatu usiku mama mwenye mtoto anayeharisha anabisha mlango wa nani? Benki imefungwa, chama hakikopeshi usiku, ndugu hawana. Anabisha kwake. Na yeye anatoa hela, anauliza hali ya mtoto kwa dhati, anaandika kwenye kidaftari chake gunia moja. Oktoba atalichukua gunia hilo bila kupepesa, na mwaka unaofuata mama huyo atakuwa na haja ya kubisha tena. Mtu huyo ameokoa mtoto na amefukarisha nyumba, kwa noti zilezile. Ukiweza kuyaandika yote mawili bila kuegemea, umempata.

Tiba ni kumtazama mtu mmoja kutoka sehemu tatu: akiwa na aliye juu yake, akiwa na aliye chini yake, na akiwa na asiyemhitaji kwa lolote. Mwalimu anavyoongea na mkaguzi, anavyoongea na mwanafunzi, anavyoongea na muuza pweza. Ukikosa moja kati ya hizo tatu, usimtumie bado. Na wakati wa kusahihisha, pita ukurasa wa kushoto ukifuta kila neno la hukumu lililopenya: mvivu, mpole, mroho, mcha Mungu. Badala yake weka kitendo kilichokufanya ulifikirie neno hilo. Kama kitendo hukikumbuki, futa na mstari.

Wanafunzi wa Kiswahili wanafundishwa kugawa wahusika kuwa bapa, wa sura moja isiyobadilika, na duara, wenye pande nyingi. Mgawanyo unasaidia kujibu mtihani. Mwandishi hasaidiwi nao sana, kwa sababu haumwambii ubapa unatoka wapi. Unatoka kwenye kumtazama mtu mara moja.

Dalili: uamuzi wake hauaminiki

Kijana wa Newala anauza mikorosho ya familia, anahamia Dar es Salaam, na msomaji wa Newala anauliza: mjomba wake alikuwa wapi?

Swali hilo limebomoa hadithi nzuri nyingi. Kwa desturi Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua huhesabu ukoo upande wa mama, na kaka wa mama ana neno zito juu ya watoto wa dada yake. Dini, sheria na miji vimebadilisha mengi, na nyumba hazifanani. Ziko ambazo baba ndiye msemaji wa mwisho, ziko ambazo kikao hakianzi mjomba hajafika. Ndiyo maana huwezi kukisia. Mhusika wa kusini anaamua akiwa amezungukwa, hata anapoasi anamwasi mtu mwenye jina na kiti chake pale barazani.

Chanzo kiko wazi: daftari lina mtu mmojammoja, halina mahusiano. Chora ukoo wa kila mhusika mkubwa, hata kwa kalamu ya risasi nyuma ya daftari. Mama yake nani, mjomba nani, somo aliyemfunda nani, watani wake akina nani, nani alimlipia ada, nani hajaongea naye tangu msiba fulani. Msibani ndipo utakapojifunza mahusiano haya kwa haraka: nani anapika, nani anachimba kaburi, nani anashika daftari la rambirambi, na mtani yupi anaruhusiwa kumsema marehemu mbele ya watu bila kulaumiwa. Ila msibani nenda kama mfiwa au jirani. Beba maji, osha vyombo. Daftari libaki nyumbani.

Dalili: jina halimkai

Hili ni jepesi kutibu na linapuuzwa. Mwandishi anachukua jina kutoka kwenye tamthilia ya runinga, analiweka Mikindani. Majina ya huku yana historia: Somoe na Sijaona yanakupeleka kusini hata kabla hujataja mji. Upande wa pwani, Kilwa, Lindi, Mikindani, utasikia zaidi majina ya Kiislamu. Masasi, ambako wamisionari wa Kianglikana walifika 1876, na Ndanda kwenye abasia ya Wabenediktini, utakutana na majina ya Kikristo kwa wingi, mara nyingi yakiambatana na jina la babu la kienyeji. Andika majina unayoyasikia yakiitwa, ukilitenga jina la kwanza na la pili na kuyachanganya upya. Andika pia jinsi yanavyoitwa: nyumbani anaitwa nani, kijiweni nani, shuleni nani. Mtu mwenye majina matatu tayari ana maisha matatu.

Dalili: kila unayemtazama anabadilika

Ukifungua daftari watu wanajinyoosha. Wanadhani unatoka halmashauri, au chama, au kwamba unahesabu kitu kitakachowagharimu. Baada ya yote yaliyotokea huku kuhusu mashamba, gesi na korosho, mtu anayeandika barazani ana haki ya kutiliwa shaka.

Basi usiandike pale. Kuwa na shughuli: nunua ming'oko, agiza chai, mpelekee fundi cherehani nguo aipunguze, subiri bajaji ambayo kweli unaihitaji. Shika kauli moja tu kichwani, ile iliyokuchoma, nayo itavuta nyingine jioni ukikaa kuandika. Andika usiku uleule. Ukilala, kesho utaandika Kiswahili chako ukidhani ni cha yule mama.

Mahali pia panachagua anayetazama. Mimi ni mwanamke, na kijiwe cha kahawa cha wanaume kinashusha sauti nikikaribia. Saluni ya kusuka haishushi. Mtu anayesukwa rasta kwa saa nne, kichwa kimeshikwa, hawezi kuondoka na hamwangalii usoni anayeongea naye. Anasema mambo ambayo asingeyasema mezani. Kila mwandishi ana saluni yake. Mwanamume anayevua anajua maneno ya usiku baharini ambayo mimi sitayasikia kamwe, na ningefurahi sana ayaandike yeye.

Dalili: mhusika wa zamani anaongea kama wa leo

Unaandika kuhusu mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kukwama 1951, au kuhusu reli ya Nachingwea ambayo leo haipo, au kambi za FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, za huko Nachingwea, au jinsi vijiji vilivyohamishwa miaka ya 1970. Utafiti upo, miaka ni sahihi, na bado kijana wako wa 1949 anaonekana kama amevaa tu kofia ya babu yake.

Chanzo: umesoma matukio, hukumwona mtu. Na wa kumwona unadhani hayupo. Yupo nusu. Wazee waliokuwa watoto au vijana katika baadhi ya nyakati hizo tunaishi nao, ila tunawauliza vibaya. Ukimwambia bibi, "Nieleze maisha ya zamani," anakupa muhtasari uliokwishasuguliwa na kusimuliwa mara nyingi. Mwombe akuonyeshe kitu. Mlikuwa mnatwangaje? Mzigo wa kwenda shamba mlikuwa mnaufungaje? Ulikaa wapi wageni walipokuja? Akiinuka kuonyesha, mikono inakumbuka anachokisahau mdomo. Utamwona anakwepa kitu kwa mguu ambacho hakipo tena chumbani, na hapo umepata nyumba ya zamani. Ukimwona mzee mwenye nembo, zile chale za kimila, usoni, usianze na nembo. Ameulizwa na kila mgeni mwenye kamera. Muulize kuhusu rafiki aliyechanjwa naye siku moja.

Dalili: mtaani wamemtambua

Nimeliweka mwisho kwa sababu ndilo lenye madhara kwa watu wenye damu na nyama. Mtwara si mji mkubwa. Lindi ni mdogo zaidi. Ukiandika fundi cherehani wa Magomeni ya Mtwara mwenye kengeza aliyeachwa na mke wa pili, hata ukibadilisha jina, Ijumaa ijayo mteja atamsomea hadithi hiyo akiwa kwenye mashine yake. Hukumwomba. Mlikubaliana suruali yako tu.

Chanzo ni kumchukua mtu mmoja mzima mzima, mara nyingi kwa uvivu wa daftari: umetazama mtu mmoja wa kupendeza na hujatazama wengine. Dawa ni kuchanganya. Kauli ichukue kwa mmoja, mkono kwa mwingine, deni kwa wa tatu. Badilisha kazi, kwa sababu kazi ndiyo inayotambulika haraka kuliko sura. Badilisha jinsia kama kisa kinaruhusu. Yule mama wa kuku anaweza kuwa mzee wa kiume anayevuka kwenda Kitunda na kapu la dagaa, na kuihesabu hela mara mbili kutabaki na uzito wake. Acha muda upite. Jambo la mwaka huu liandike, ila lisitoke mwaka huu.

Yapo mambo ambayo hayachanganyiki wala hayasubiri, hayaingii tu. Yanayosemwa ndani ya jando na unyago ni ya waliomo ndani. Hata kama ulichezwa mwenyewe na unayajua, hukupewa ili uyachapishe. Mwali akitoka nje, akishangiliwa, akitunzwa, hapo unaweza kutazama na mtaa mzima, na hapo pana utajiri wa kutosha: uso wa mama, uso wa somo, macho ya binti yanayotafuta mahali pa kutua. Vivyo hivyo wodini. Mgonjwa hajaja hospitali ya Ligula ili awe mhusika.

Kabla hadithi haijatoka, mpe mtu mmoja wa mtaa uleule asome, mtu anayewajua watu na asiyekupendelea. Usimwulize kama ameipenda. Muulize, "Huyu fundi ni nani?" Akitaja jina moja bila kusita, rudi mezani, hata kama hiyo ndiyo sura unayoipenda kuliko zote. Akifikiri, akataja majina matatu ya watu wasiofanana, mpeleke mhusika wako akasomwe.